Wali tuliouharamisha kwa ndimi zetu

Binti wa dada yangu, mkazi wa Kibaha, alichumbiwa mwaka jana. Ndoa ilipangwa kufungwa Kisarawe, kwa watu wa baba yake. Tangu siku hiyo wali ukawa haramu kwake, ugali haramu, muhogo haramu. Asubuhi maji ya ndimu, usiku tango. Mwezi wa kwanza akapungua kweli, watu wakamsifu. Mwezi wa tatu nikamkuta usiku jikoni anakula kiporo kwa siri, machozi yanamtoka. Siku ya ndoa alikuwa mnene kuliko siku ya posa.

Wakasema hana subira. Hapo wamemdhulumu. Mwili aliouumba Allah (s.w.) una ulinzi wake. Ukinyimwa chakula ghafla huongeza hamu ya kula, na hubana matumizi ya nguvu ili ujihifadhi. Mwaka 1945 huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapa vijana 36 wenye afya karibu nusu tu ya chakula chao kwa miezi sita. Mazungumzo yao yakawa chakula, ndoto chakula. Waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula bila kuhisi kushiba. Hao ni wanaume waliojitolea wenyewe!

Sisi funzo hili tunalo siku nyingi. Sahaba Abdallah bin Amr (r.a.) alitaka kufunga kila siku. Mtume (s.a.w.) akamkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake, akamshauri siku tatu kwa mwezi. Akaomba zaidi na zaidi, mpaka akafikia kufunga siku moja na kula siku moja. Uzeeni alitamani lau angeikubali ile ruhusa. Na hiyo ilikuwa ibada, seuze kujinyima kwa ajili ya picha za harusi?

Sisemi tule ovyo. Israfu imekatazwa (Al-A'raf, aya ya 31), na kisukari na presha vinatumaliza. Aliyeambiwa na daktari apunguze, na apunguze, kidogo kidogo, kwa jambo atakaloweza kudumu nalo.

Lakini binti huyu hakuambiwa na daktari. Bibi zake wa Kizaramo walimweka mwali ndani ili atoke amenawiri, na ngoma ikapigwa. Mjukuu kaambiwa kunawiri ni aibu. Na nani? Na mshona gauni, na muuza majani ya kukata tumbo, na mashoga zake kwenye simu. Na mimi. Idd iliyotangulia posa nilimwita "bonge" mbele za watu. Tukacheka, naye akacheka. Al-Hujurat aya ya 11, inayokataza dharau na majina ya kejeli, nimeshaitolea darsa mara kadhaa.

Jumapili iliyopita nilikwenda Kisarawe kwa mumewe, kumtaka radhi. Akaniandalia muhogo wa nazi. Nikamwambia tule pamoja.

"Nimeshashiba, mjomba," akasema, akakaa pembeni kunitazama nikila.