Muda wa Deni la Nyumba



Baada ya darasa ya Maghribi ametuuliza ndugu mmoja suali, nasi twaona jawabu yake yawafaa wengi katika miji yetu hii ya pwani, ambamo viwanja vimekuwa ghali na vijana wenyeji wanakaa kwa kodi katika mitaa waliyozaliwa babu zao. Ndugu huyo ataka kununua nyumba kwa njia ya sharia. Benki yamwambia achague: miaka 10 au miaka 20. Nia yake, asema, ni kulipa mapema kabla ya muda kwisha. Je, ashike muda upi?

Kwanza tuseme neno moja tupite. Deni la riba hatulitafutii muda mzuri. Riba ya mwaka mmoja na riba ya miaka ishirini zote ni haramu. Aliyekwisha kuingia humo na atubie, na kila shilingi aipatayo aielekeze katika kutoka. Maneno yetu ni juu ya mikataba ya halali, ambayo tangu mwaka 2008 yapatikana Kenya katika benki zilizofunguliwa kwa misingi ya sharia.

Jawabu yategemea mkataba wenyewe, na hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Twasikia "benki ya Kiislamu", tukafumba macho tukatia sahihi, kana kwamba jina latosha. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, yahusu deni na kuliandika. Basi yawaje Muislamu kutia mkono katika karatasi asizozisoma?

Murabaha ni biashara. Benki huinunua nyumba, kisha hukuuzia kwa bei yenye faida iliyo wazi, nawe ukalipa kidogo kidogo. Bei hiyo hukatwa siku ile ile. Muda ukiwa mrefu, faida huwekwa kubwa, na ikisha kuandikwa yote huwa ni deni lako. Ukija mwaka wa tano na fedha mkononi, muuzaji akitaka bei kamili ana haki yake. Je, haifai akupunguzie? Wamekhitalifiana juu ya jambo hilo tangu zama za Masahaba: Ibn Abbas aliruhusu, Zaid bin Thabit na Ibn Umar walilichukia. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jiddah liliamua mwaka 1992 kuwa lafaa, maadamu halikuafikianwa tangu mwanzo, na maadamu ni baina ya mdai na mdaiwa peke yao.

Tukumbuke kisa cha Kaab bin Malik, alipomdai Ibn Abi Hadrad ndani ya msikiti hata sauti zao zikapanda. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisikia akiwa nyumbani kwake, akafunua pazia, akamwashiria Kaab aache nusu ya deni. Kaab akakubali. Hapo akamwamrisha mdaiwa asimame alipe. Tazama: upungufu ule ulitoka katika ukarimu wa mdai, haukuwa sharti la mkataba. Kwa hivyo anayeshika murabaha ya miaka 20 kwa kutumainia kupunguziwa mwaka wa saba, amejenga juu ya hisani ya mtu mwingine. Huyo na ashike muda mfupi kadiri awezavyo kuubeba.

Ubia wa kupungua ni jambo jingine. Humo nyumba ni yenu wawili, wewe na benki. Walipa kodi kwa sehemu yake, na kila mwezi wainunua kidogo. Tuseme, kwa mfano, sehemu ya benki ni shilingi 4,800,000, na kodi ni shilingi moja katika kila mia ya sehemu iliyobaki kwa mwezi. Kwa miaka 20 wanunua fungu la 20,000, na mwezi wa kwanza watoa 68,000. Kwa miaka 10 wanunua fungu la 40,000, na mwezi wa kwanza watoa 88,000. Lakini jumla ya kodi kwa miaka 20 ni 5,784,000, na kwa miaka 10 ni 2,904,000. Tafauti ni shilingi 2,880,000!

Aliyeshika miaka 20 kisha akanunua mafungu mawili kila mwezi atamaliza katika miaka 10 kwa kodi ile ile ya 2,904,000, na mwezi wa maradhi au wa kusimamishwa kazi aweza kurudi kwenye fungu moja bila kuvunja ahadi. Kwa mwenye mapato ya kupanda na kushuka, kama mfanyabiashara au baharia, njia hii twaiona bora. Ila na aulize kabla: je, mkataba wamruhusu kununua mafungu ya ziada wakati autakao, kwa bei gani, na kwa gharama gani? Akiambiwa "tutaona baadaye", asitie sahihi.

Na ajiulize nafsi yake pia. Zile 20,000 za ziada hazina mlinzi. Ikija harusi ya binamu, na sare za kina mama, na karamu ya siku tatu ambayo hakuna aya wala hadithi iliyoilazimisha, ndizo zitakazoliwa kwanza. Mwenye mshahara usiobadilika, naye ajijua mkono wake ni mwepesi, heri afungwe na miaka 10, na mkewe aujue mpango wote.

Auangalie na umri wake. Mtu wa miaka 50 akishika miaka 20, huenda alipaji akawa ni mwanawe. Na katika Suratun-Nisaa mirathi haigawanywi ila baada ya wasia na deni. Watoto waliodhani wamerithi nyumba watakuta wamerithi nusu yake na mshirika.

Ndugu aliyeuliza bado hajatia sahihi. Tumemwomba aje na karatasi zake Alkhamisi baada ya Maghribi tuzisome pamoja, na mwingine aliye na zake naye aje nazo. Wabillahi tawfiq.