Je, Faini Yaondoa Hatia?

Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, ikiisha kuvuka Mto Rufiji, yaingia wilaya ya Kilwa na kupita katikati ya vijiji vingi: Somanga, Nangurukuru, Kiranjeranje, kisha yasonga hata Mchinga na Lindi mjini. Katika njia hiyo, kama katika njia nyingine zote kuu za nchi yetu, pana mchezo ambao kila msafiri ameushuhudia. Askari wa usalama barabarani amesimama kivulini chini ya mkorosho na chombo chake cha kupimia mwendo, kile ambacho madereva wamekiita tochi. Dereva aliyekwisha kumpita awasha na kuzima taa zake ili kumwonya mwenzake ajaye. Mwenzake apunguza mwendo, apita mbele ya askari kwa adabu ya mkwe ukweni, na akiisha kukata kona akanyaga mafuta kama kwanza. Na yule asiyeonywa, akanaswa, alipa faini yake na kuondoka akisema: "Leo nilikuwa na bahati mbaya."

Hasemi kwamba amekosa. Asema kwamba ana bahati mbaya, kama mtu aliyenyeshewa na mvua njiani. Maneno hayo madogo yaonyesha wazo kubwa, nalo limeenea siku hizi hata kwa watu wema, wazazi wa watoto, watu wasioweza kumwibia jirani kuku wake. Kwao sheria ya mwendo ni mtego wa Serikali, askari ni mwindaji, na faini ni bei ya kununua haraka. Mwenye kulipa amemaliza deni lake. Asiyekamatwa hana deni lolote. Basi yafaa tuulize: Je, ni kweli?

Kwanza tuitazame sheria yenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yataka gari lisizidi kilomita 50 kwa saa mahali penye makazi ya watu, mjini na vijijini. Malori makubwa na mabasi ya abiria hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 hata nje ya makazi. Faini ya papo hapo kwa mwenye gari imekuwa kwa miaka mingi shilingi 30,000 kwa kosa. Kwa pikipiki na bajaji Serikali iliipunguza mwaka 2021 kuwa shilingi 10,000.

Tena tukumbuke kwamba haraka yenyewe ni kitu kipya katika pwani hii. Wazee wa kusini hawajasahau masika ya zamani, magari yalipozama matopeni na wasafiri wakangoja pantoni kule Ndundu ili wavuke Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ikakamilishwa polepole baada ya hapo. Mwezi wa Mei mwaka 2024, mvua na Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara hii wilayani Kilwa, watu waliona kwa siku chache tu jinsi maisha ya mikoa ya kusini yanavyoitegemea. Barabara nzuri ni baraka. Lakini zamani mashimo ndiyo yaliyokuwa askari: yalimzuia kila mtu, tajiri na maskini, wala hayakupokea hongo. Sasa mashimo yameondoka, na kazi yao imeachiwa dhamiri. Swali ni kama dhamiri imeipokea.

Wako wajuzi wa zamani ambao dereva wetu angependa kuwaita wamtetee. Walisema kwamba ziko sheria za adhabu tu, yaani sheria zisizomfunga mtu mbele ya Mungu azishike, ila zamfunga alipe adhabu akikamatwa. Wazo hilo lina mizizi katika kanuni za mashirika ya watawa, kama Wadominiko, ambao hawakutaka kila kosa dogo la kanuni lihesabiwe kuwa dhambi. Baadaye wataalamu wakubwa, miongoni mwao Francisco Suárez katika kitabu chake juu ya sheria cha mwaka 1612, waliliingiza katika sheria za serikali pia. Walikuwa na sababu zao, nasi hatuwadharau. Lakini hata tukikubali kwamba sheria za namna hiyo zaweza kuwako, sheria ya mwendo haiwezi kuwa mojawapo. Kwa nini? Kwa sababu jambo inalolilinda halikutungwa na Bunge. Bunge laweza kuamua kodi ya mwaka, au upande wa barabara tutakaoufuata. Lakini uhai wa mtoto avukaye njia ulikuwa mtakatifu kabla ya Bunge lolote kukaa. Sheria ya mwendo ni ile amri ya tano, Usiue, iliyowekewa tarakimu ili dereva asiweze kusema hakuelewa.

Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo ya mwaka 1965, haukuona haya kuitaja waziwazi mipaka ya mwendo wa magari, ukiwalaumu wale waidharauo na kuhatarisha uhai wao na wa wengine. Na Katekisimu ya mwaka 1992 yawahesabia hatia kubwa wale ambao kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi wahatarisha usalama wa watu. Haisemi wale waliokamatwa. Haisemi hata wale waliogonga mtu. Yasema wale waliohatarisha.

Watu wa Kilwa wanaweza kutusaidia kulielewa jambo hili kwa historia yao wenyewe. Zamani, dhahabu ya Sofala ilipopita katika pwani hii, watawala wa Kilwa waliwatoza wafanyabiashara ushuru mkubwa. Ushuru ni bei ya ruhusa: aliyelipa alikuwa mtu huru, alipakia merikebu yake na kwenda zake, wala hakuna aliyemwita mkosaji. Faini ni kitu kingine kabisa. Haimpi mtu ruhusa. Yamwambia kwamba amefanya asiloruhusiwa. Ageuzaye faini kuwa ushuru anunua kitu ambacho Serikali haikuweka sokoni, wala haina uwezo wa kukiuza, kwa maana uhai wa jirani si mali yake.

Nayo hatari ya mageuzi hayo imeonekana mahali pengine. Mwaka 2000 wataalamu wawili wa uchumi, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walieleza waliyoyaona katika vituo 10 vya kulelea watoto huko Haifa, Israeli. Wazazi wengine walichelewa kuwachukua watoto wao jioni, na walimu wakalazimika kuwangoja. Katika baadhi ya vituo ikawekwa faini ndogo. Je, wakawahi? La, waliochelewa wakazidi. Zamani mzazi aliona haya mbele ya mwalimu. Sasa alijiona amelipia kuchelewa kwake. Na faini ilipoondolewa, haya haikurudi. Hivyo ndivyo dhamiri inavyokufa: hairushwi nje ya nyumba kwa nguvu, bali yauzwa kwa bei ndogo, na mwenye nyumba hatambui kwamba ameiuza.

Hebu sasa tupige hesabu ya kile kinunuliwacho. Tuseme kijiji kina urefu wa kilomita 2. Basi lipitalo kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa latumia dakika 2 na sekunde 24. Likipita kwa 80 latumia dakika 1 na sekunde 30. Faida yake ni sekunde 54. Dereva akivunja sheria katika vijiji 10 vya namna hiyo atafika na faida ya dakika 9, ambazo atazimaliza zote pale Somanga abiria wakichagua samaki wa kukaanga. Na hasara je? Kwa mwendo wa 50 gari laenda karibu mita 14 katika sekunde moja. Kwa 80 laenda mita 22. Mtoto akitokea ghafula kufuata mpira wake, dereva atumia kama sekunde moja kuona, kushtuka na kuufikia mguu wa breki; basi mita hizo 22 zimekwisha kabla gari halijaanza hata kusimama. Nguvu ya pigo nayo huzidi kupita kiasi cha mwendo: kutoka 50 mpaka 80 yawa zaidi ya mara mbili na nusu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani zaua watu wapatao 1,190,000 kila mwaka duniani, na kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 mpaka 29 hakuna kitu kiuacho kuliko hicho. Zaidi ya nusu ya wafao ni watu waendao kwa miguu, kwa baisikeli na kwa pikipiki. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Siku hizi mwenda pole, asipojikwaa mwenyewe, hugongwa na mwenda mbio.

Twajua majibu ya madereva, na haki yataka tuyasikilize. Wasema: "Askari hajifichi ili kuzuia ajali, ajificha ili kupata faini. Na wengine wapokea noti iliyokunjwa ndani ya leseni." Wasema pia: "Mabango mengine yamewekwa mahali pasipo na nyumba hata moja, mengine yameanguka."

Malalamiko hayo si ya bure. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, litolewalo na mwenye kuitunza jumuiya, na kutangazwa. Basi mtawala naye ana deni. Bango lisilo na sababu lawafundisha watu kudharau mabango yote. Askari ambaye furaha yake ni wingi wa faini, na siyo uchache wa maiti, ameiacha kazi ya mlinzi na kushika ya mwindaji. Na bango lililofunikwa na majani halimhukumu mgeni asiyeweza kulijua. Lakini nyumba, shule, soko la mihogo na watoto wenye madaftari mkononi ni bango lisiloanguka kamwe. Dereva asiyeliona hilo hakukosa tangazo. Alikosa macho ya mapendo.

Kuhusu rushwa, tuseme wazi: ina mikono miwili. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 yamwadhibu mtoaji kama mpokeaji. Tena ubaya wa askari hauifuti sheria, kama vile ulevi wa mwalimu usivyofanya moja na moja kuwa tatu. Ampaye askari noti na kisha kumwita mwizi ajihukumu mwenyewe kwa kinywa chake.

Na zile taa za kuonyana? Watu waziita udugu. Tupime udugu huo kwa matunda yake. Ukiwasha taa kwa sababu ng'ombe wamo barabarani, au daraja limebomoka, umefanya tendo la mapendo. Lakini ukiwasha ili mwenzako amkwepe askari na kuendelea na mbio zake katika kijiji kifuatacho, umemhurumia yule aliye na chuma mikononi na kumsahau yule aendaye kwa miguu. Ni udugu wa wenye magari dhidi ya wasio na magari.

Hatusemi kwamba kila anayezidi mwendo kidogo katika nyika tupu ana hatia sawa na apitaye mbio mbele ya shule. Makosa yana uzito mbalimbali. Wala hatumhukumu ampelekaye hospitali mama aliyeshikwa na uchungu usiku, mradi asihatarishe uhai mwingine ili kuokoa huo. Lakini haraka ya kila siku, ya desturi na ya majivuno, haina udhuru huo.

Basi ninyi madereva, mkipigwa faini, ilipeni, kisha jiulizeni swali la pili ambalo risiti haliulizi: Ni nani niliyemweka hatarini? Ninyi matajiri wa mabasi, msimpangie dereva saa za kufika zisizowezekana bila kuvunja sheria, kisha mkamwachia faini na dhambi. Ninyi askari, simameni wazi penye hatari, watoto wawaone na kuvuka kwa amani. Ninyi abiria, msicheke wala kumshangilia dereva ayapitaye mengine, bali mwambieni kwa upole apunguze. Kimya chenu ni ruhusa. Na ninyi wazazi, mwanenu aketiye nyuma yenu garini asikia mnavyomsema askari, aona mnavyopunguza mwendo mkimwona na kuongeza mkiisha kumpita. Siku moja usukani utakuwa mikononi mwake, na atakumbuka mlivyotenda kuliko mlivyosema.

Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kutii mamlaka si kwa kuogopa adhabu tu, bali na kwa ajili ya dhamiri. Askari hawezi kusimama chini ya kila mkorosho toka Rufiji hata Lindi. Na faini, hata ikiwa kubwa namna gani, yaingia katika hazina ya Serikali. Haimrudishii mama wa Kiranjeranje mtoto wake.