Je, Hesabu Husema Kweli?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yajulikana kwa kila mwenye duka na kila karani wa chama cha ushirika, walakini maana yake ni pana kuliko duka na ghala. Madaktari huhesabu wagonjwa, wakulima hupima mavuno, majemadari huhesabu ndege zao, na serikali huhesabu watu. Twapenda kuuliza hapa, mtu akiisha kuhesabu, je, amekwisha kuupata ukweli? Na akiupata, apaswa kufanya nini?

Wako watu wasemao ya kwamba hesabu ni ya vitu, na kumtia binadamu katika tarakimu ni kumvunjia heshima. Neno hilo si la kupuuzwa. Tutalijibu, lakini kwanza na tutazame mambo yaliyotokea.

Katika hospitali kuu ya mji wa Vienna, nchi ya Austria, zilikuwako wodi mbili za wazazi. Katika ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari, na katika ya pili wakunga. Wanawake walipokewa kwa zamu, leo huku, kesho kule. Mwaka 1846 walizaa wanawake 4,010 katika wodi ya kwanza, wakafa 459. Katika ya pili walizaa 3,754, wakafa 105. Yaani katika kila wazazi mia, huku walikufa kama 11, na kule hawakufika watatu. Wanawake wa mji ule walijua habari hii bila daftari, wakasihi wasiingizwe wodi ya kwanza.

Daktari mmoja kijana, Ignaz Semmelweis, mwenyeji wa Hungaria, hakuridhika na sababu zilizotajwa. Wengine walisema ni hewa mbaya ya mji, lakini wodi zote mbili zilivuta hewa moja. Wengine walisema ni msongamano, lakini wodi ya pili ndiyo iliyosongamana zaidi. Mwaka 1847 daktari rafiki yake alijeruhiwa kwa kisu katika kupasua maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana na ule wa wazazi. Ndipo Semmelweis alipotambua. Madaktari na wanafunzi walitoka katika chumba cha maiti wakaenda kuwapima wazazi, na wakunga hawakufanya kazi ile ya maiti. Basi mwezi wa Mei akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini. Mwaka 1848, katika wodi ile ile ya kwanza, walizaa wanawake 3,556, wakafa 45 tu.

Msomaji na aangalie vema. Hesabu haikumwambia Semmelweis sababu ya vifo. Ilimwonyesha tofauti, na tofauti ile ikayaangusha majibu mepesi moja baada ya moja. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya hesabu, kutunyima udhuru.

Walakini wakubwa wengi wa udaktari hawakumkubali. Kwa daktari kukiri kwamba mikono yake mwenyewe imewaua wale aliotaka kuwaponya ni neno zito mno. Semmelweis naye alichelewa kuandika kitabu chake mpaka mwaka 1861, na alipowajibu wapinzani wake alitumia maneno makali. Alikufa mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, kabla mafundisho yake hayajaenea. Tarakimu zilikuwa wazi kwa kila mwenye macho, lakini wengi hawakutaka kuzisoma, kwa kuwa ziliwashitaki.

Sasa tutoke hospitalini twende shambani. Mkulima akitia mbolea katika shamba la bondeni, akaliacha la mlimani bila mbolea, kisha akavuna madebe mengi zaidi bondeni, atajuaje kama ni kazi ya mbolea au ya udongo? Bwana R. A. Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alifundisha kukata shamba vipande vingi, kisha kupiga kura ni vipande vipi vitiwe mbolea na vipi visitiwe. Kwa nini kura? Kwa sababu mtu akiachiwa achague mwenyewe, huenda akakipa kile akipendacho udongo ulio bora, hata bila kujua. Kura haina mpendwa. Njia hiyo hutumika leo hata katika kujaribu dawa, wagonjwa wakigawanywa kwa kura.

Vita navyo vina fundisho. Katika vita kuu ya pili, Marekani ilitaka kujua ni sehemu gani za ndege zihitajizo chuma cha kukinga risasi. Mtu angeweza kuhesabu matundu katika ndege zilizorudi, akasema, tukinge palipo na matundu mengi. Abraham Wald, mwanahesabu aliyehamia New York kutoka Austria, alionyesha mwaka 1943 kwamba hesabu hiyo yataka kufikiriwa upya, maana ndege zilizoanguka hazimo ndani yake. Ikiwa zilizorudi zina matundu machache penye injini, yaelekea zile zilizopigwa hapo hazikurudi. Basi asiyehesabiwa naye ana ushuhuda wake, na mwenye hekima humwulizia.

Tena iko hesabu ya uongo. Mwaka 1958 wakubwa wa Uchina walidai mavuno makubwa kupita kiasi, na viongozi wa vijiji wakaogopa kuonekana wavivu au wapinzani. Wakaandika mavuno ambayo hayakuwako. Serikali ikachukua nafaka kwa kadiri ya maandishi yale, na wakulima wakaachiwa maghala matupu. Njaa iliyofuata, mpaka mwaka 1961, iliua watu wengi sana. Makadirio ya wataalamu yatofautiana, tangu milioni 15 hata milioni 45. Sababu zake zilikuwa zaidi ya moja, lakini kalamu ya mwoga ilikuwa mojawapo.

Sasa twaweza kuwajibu wale wasemao kwamba kumhesabu mtu ni kumvunjia heshima. Kule Vienna, kama kila kifo kingelizwa peke yake na kusahauliwa, akina mama wangaliendelea kufa, na kila mmoja angaliambiwa kuwa ni bahati yake mbaya. Aliyewahesabu ndiye aliyewaheshimu. Bali atakayesoma 459 asikumbuke kwamba kila mmoja alikuwa mama wa mtoto na binti wa mtu, huyo amehesabu bure. Hesabu hutupa ushuhuda, na huruma hututuma kuufuata. Kimoja kikikosekana, cha pili hakifiki mbali.

Jambo hili halikai mbali nasi. Muuguzi apimaye watoto kila mwezi na kutia alama katika kadi ya kliniki afanya kazi ya Semmelweis. Kipimo kimoja chaweza kumdanganya mama, lakini miezi mitatu ya mstari usiopanda yasema wazi kwamba mtoto ana shida. Mwalimu aandikaye mahudhurio, na karani asomaye mizani ya pamba au kahawa, nao wamo katika kazi hiyo hiyo. Mwalimu ajazaye alama za uongo ili shule yake isifiwe, na karani apunguzaye ratili moja kwa kila gunia, wasidhani kosa lao ni dogo. Wameharibu jicho ambalo kijiji kizima chaonea.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu, kila waletewapo tarakimu, mkutanoni au gazetini, waulize maneno matatu. Imelinganishwa na nini? Ni nani hakuhesabiwa? Na aliyeiandika aliogopa nini, au alitumaini kupata nini? Wakiisha kujibiwa, wajiulize la nne, lililo gumu kuliko yote: ikiwa hesabu hii yatushitaki sisi wenyewe, je, tu tayari kunawa mikono?