Kuwaaga Wagonjwa Wasio na Wengi

Paulo Mtakatifu, alipokuwa njiani kwenda Yerusalemu, aliwaita wazee wa Efeso waje Mileto, akawaaga. Matendo ya Mitume yatueleza kwamba walilia sana wakamwangukia shingoni, na lililowachoma zaidi ni kusikia kwamba hawatauona uso wake tena. Naye hakujisifu. Aliwakumbusha kwamba hakutamani fedha wala dhahabu ya mtu, akawaonya kwamba akiisha kuondoka mbwa-mwitu wataingia kundini.

Tumekumbuka habari hiyo kwa ajili ya mama mmoja wa Marekani, Abbey Meyers, aliyeacha uongozi mwaka 2008 baada ya miaka 25. Kundi lake lilikuwa wagonjwa wa magonjwa adimu, ambayo pengine katika mji mzima hupatikana mgonjwa mmoja tu.

Mama huyu hakuwa daktari. Alikuwa mama wa nyumbani, na mwanawe alipatwa na ugonjwa wa Tourette, unaomfanya mtu kushtusha viungo na kutoa sauti pasipo kutaka. Dawa moja ya majaribio ikamsaidia. Kisha kampuni ikaiacha, kwani wanunuzi walikuwa wachache, faida haikuonekana. Dawa za namna hiyo ziliitwa dawa yatima: zajulikana, ila hakuna wa kuzilea. Basi akaungana na wazazi wa watoto wenye magonjwa mengine, wakaipigania haki yao, hata tarehe 4 Januari 1983 Rais Ronald Reagan akatia sahihi sheria inayoipa kampuni miaka 7 ya kuuza peke yake dawa ya ugonjwa wa wachache. Mwaka huo huo likaundwa shirika lao la kitaifa, naye akaliongoza.

Kuwaaga watu kama hao si jambo jepesi. Mgonjwa wa malaria akimkosa mganga huyu atamwendea yule. Lakini mzazi aliyezunguka miaka mingi pasipo hata kutajiwa jina la ugonjwa wa mwanawe, akimpata mtu wa kumwambia kwamba hayuko peke yake, humshika kama nguzo ya nyumba. Je, nguzo ikiondoka? Twathubutu kusema kwamba kiongozi wa watu hao ana deni la kuwaunganisha wao kwa wao kabla ya siku ya kuaga. Kiongozi ambaye kila barua sharti ipite mkononi mwake, akiondoka huwaacha yatima mara ya pili. Tusimcheke, mapadre wa namna hiyo tumewaona, na sisi tunaoandika hapa tumejaribiwa vivyo hivyo.

Bwana wetu Yezu Kristo aliwaahidi wafuasi wake kwamba hatawaacha yatima. Tena pale msalabani hakumfariji Mama yake kwa maneno matupu: alimkabidhi kwa mwanafunzi, na mwanafunzi kwake.

Na mbwa-mwitu? Walikuja. Sheria ile iliyozaa mamia ya dawa imefungua pia mlango wa bei za kutisha. Dawa nyingine zagharimu mamia ya maelfu ya dola kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Meyers amezilalamikia bei hizo waziwazi. Aliacha kiti, hakuliacha kundi.

Watoto wa namna hiyo wamo hata katika parokia zetu, pengine wamefichwa chumba cha nyuma, kwa kuwa majirani wamesema ni uchawi au laana. Mitume nao waliuliza ni nani aliyetenda dhambi hata yule kipofu akazaliwa vile, na Bwana akawajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Mama wa mtoto huyo hadai dawa ya Marekani leo. Ataka kwanza kuonana na mama mwingine aliyekesha kama yeye. Padre anayehamishwa mwezi ujao, naye azijua nyumba mbili za namna hiyo, moja huku na nyingine ng'ambo ya mto, azikutanishe kabla hajafunga sanduku lake.