Jina la Kundi na Haki ya Kiumbe

Akili ya binadamu haistahimili wingi usiokuwa na mpango. Ikutanapo na vitu vingi huvitenga kwa mafungu, na kila fungu hulipa jina lake. Mama jikoni hutenga mchele na chuya; mwalimu darasani hutenga wanyama wenye uti wa mgongo katika mafungu matano: samaki, amfibia, reptilia, ndege na wanyama wanyonyeshao. Mwanafunzi huyahifadhi mafungu hayo kwa moyo, akadhani kuwa ni mipaka iliyowekwa tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Walakini swali gumu husalia: je, mafungu haya yamo katika viumbe wenyewe, au yamo katika akili iwapangayo? Na ikiwa yamo katika akili, mpangaji ana wajibu gani kwa wapangwao?

Ufuko wa Ziwa Victoria hapo Mwanza ni mahali pafaapo kulipima swali hili. Katika mialo yake kamongo huitwa samaki, na hakuna mnunuzi atiaye shaka: ana magamba, ana mapezi, na makazi yake ni maji. Lakini kamongo huvuta hewa kwa mapafu. Akizuiwa kuja juu ya maji hufa kama afavyo ng'ombe aliyezama. Wataalamu wapangao viumbe kwa kufuata nasaba husema kuwa kamongo yu karibu zaidi na ng'ombe na binadamu kuliko alivyo karibu na sangara. Linnaeus wa Uswidi naye aliwahesabu nyangumi kuwa samaki katika kitabu chake cha mwaka 1735, kisha mwaka 1758 akawahamishia kwa wanyama wanyonyeshao. Nyangumi hawakubadilika, kilichobadilika ni swali waliloulizwa.

Kila mgawanyo, basi, ni jibu la swali. Muuza samaki huuliza bei, mpishi huuliza ladha na miiba, mtaalamu huuliza nasaba. Katika Buganda, ng'ambo ya ziwa, ukoo wa Mamba umemfanya kamongo kuwa mwiko wake, hata kwao si kitoweo. Kiswahili nacho kina mgawanyo wake: humweka mtu, ndovu na dagaa katika upatanisho mmoja wa sarufi, na kiboko, ijapokuwa jina lake lina umbo la kitu, husemwa amekufa, hasemwi kimekufa. Hakuna jibu la uongo hapa. Uongo huanza pale jibu la swali moja linapofanywa kuwa jibu la maswali yote.

Kisa cha furu ni ushahidi mchungu wa jambo hili. Furu ni samaki wadogo wa ziwa hilo, ambao kwa jicho la haraka hufanana. Kwa mvuvi jina moja lilitosha, maana bei yao ilikuwa moja, nayo ndogo. Lakini waliotazama meno na mataya yao walikuta jinsi zaidi ya 500: hawa hula konokono, hawa wadudu, hawa hukwangua miani ya mawe, na wale hula samaki wenzao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977. Kwa wakati huo hukumu ilikwisha kutolewa. Katika hesabu za wasimamizi wa uvuvi wa zama za ukoloni, furu wote walikuwa fungu moja la samaki duni. Na katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara waliingizwa ziwani, hoja mojawapo ikiwa kwamba wataugeuza wingi huo duni kuwa samaki mkubwa mwenye faida. Mtaalamu Geoffrey Fryer alionya mwaka 1960, lakini onyo halikufuatwa. Katika miaka ya 1980 furu walikaribia kutoweka katika Ghuba ya Mwanza, na jinsi zipatazo 200 zinakadiriwa kupotea. Nyingine zilipotea kabla ya kupewa jina.

Mtetezi wa sangara atajibu kwamba samaki huyo aliwapa watu kazi, akajenga viwanda vya minofu Mwanza, akaleta fedha za kigeni. Hoja hii ina uzito, wala si haki kuidharau. Lakini mizani yake ilikwisha kuegemezwa: upande mmoja yupo sangara, mwenye jina, uzito na bei; upande wa pili lipo neno moja lililoficha mamia. Tena furu hakuwa duni kwa kila mtu, maana watu wa ufukoni walimla. Atakaye kupima sharti kwanza ajue anachokipima.

Wala tofauti hizo hazikubuniwa na wataalamu. Mwaka 1985 jinsi moja ya furu wa Ghuba ya Mwanza ilipewa jina la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Jinsi jirani yake huitwa pundamilia. Dume wa kwanza ni mwekundu mgongoni, dume wa pili ni wa rangi ya buluu. Palipo na maji maangavu jike humtambua dume wa jinsi yake kwa rangi, na jinsi hizo mbili hukaa pamoja bila kuchanganyika. Maji yakichafuka, rangi hufifia na mpaka huyeyuka. Jike wa furu alizijua tofauti hizo kabla ya kitabu chochote, naye alihitaji nuru tu.

Mafungu mengine, basi, yamo katika viumbe, na mengine yamo katika haja za mpangaji. Wajibu wa mwenye elimu ni kutochanganya haya mawili, na kutolifanya jina la sokoni kuwa hukumu ya uhai. Tangu miaka ya 1990, uvuvi ulipowapunguza sangara, baadhi ya furu wameonekana tena. Waliorudi wanajulikana kuwa wamerudi kwa sababu waliwahi kutambuliwa. Wale wasiopata kutambuliwa, hata kukosekana kwao hakuna awezaye kukushuhudia.