KIJANA, JINA LAKO LINAISHA LINI?

Ndugu yangu kijana wa Kalangalala, simama kidogo! Jina la tovuti yako hukulinunua, umelipanga tu kama chumba. Je, kodi yake inaisha lini? Hujui!

Desemba 1999 Microsoft, matajiri wale, walisahau kulipia jina la passport.com. Watu wa Hotmail wakashindwa kufungua barua zao, tena mkesha wa Krismasi! Michael Chaney, mtaalamu wa kompyuta huko Marekani, akawalipia dola 35 tu, mlango ukafunguka. Huyo alikuwa mwema. Wewe atakulipia nani? Wapo wanaovizia majina yaliyoachwa, kama duara lisilo na mwenyewe. Wateja wako watabisha hodi, ataitikia mwingine. Wale wanawali watano nao walikuwa njiani kununua mafuta. Shika simu yako sasa hivi, tazama tarehe!