Uvivu wa Paka

Paka wetu aliitwa Sultani, na jina lilimfaa. Kutwa alilala juu ya gunia la mkaa jikoni, akiinuka tu aliposikia dagaa wakimiminwa. Siku moja hakuinuka. Nikamwambia, "Mvivu wewe, sasa umezidi!"

Siku ya pili nilimwona uani akichuchumaa mchangani na kujikamua. Nikadhani choo kigumu. Siku ya tatu alikuwa uvunguni, mwili umepoa. Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo, akatikisa kichwa. Njia ya mkojo ilikuwa imeziba, na sumu imekwisha kuenea mwilini. Paka dume akizibwa hivyo asitibiwe, siku zake ni mbili tatu tu. Alikufa jioni ile.

Je, nilikuwa na hatia? Majirani walinifariji: "Hukujua." Ni kweli, sikujua. Paka mzima hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, basi usingizi peke yake hausemi kitu. Tena paka huficha maumivu yake, kwani mnyama mdogo akionyesha unyonge porini hugeuka kitoweo cha wengine. Kinachosema ni mabadiliko: aliyezoea kurukia dirisha harukii tena, aliyejilamba manyoya ameyaacha, aliyekimbilia chakula anakipa mgongo. Mambo hayo yote yalikuwa mbele ya macho yangu.

Hapo ndipo ninapojiona mkosaji. Kutojua kwangu kulizaliwa na neno. Nilipokwisha kumwita mvivu, niliacha kumtazama. Uvivu si maelezo, ni hukumu. Na hukumu ikishatolewa, nani tena huwasikiliza mashahidi?

Nami najiuliza ni wangapi tumewahukumu vivyo hivyo. Mtoto asinziaye darasani huchapwa, kumbe damu imempungua kwa malaria. Mzee anayekaa barazani asitake kuzungumza huitwa mwenye kiburi, kumbe ana huzuni. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Anayeweza kulalamika hujitetea mwenyewe. Asiyeweza, mtetezi wake ni jicho la anayeishi naye.

Sasa tuna paka mwingine. Akilala mchana simwiti jina lolote. Kwanza huenda kutazama kama bakuli lake limeguswa.